Anayelitembeza Zimwi Naye Apewe Jina Lake

Watu wetu wakitoka senema huulizana mambo mawili: nani kacheza, na nani kashinda. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni nani aliyelifanya lile joka liruke, au ni nani aliyeuangusha ule mji. Fundi huyo haonekani uso, na asiyeonekana uso kwetu hana jina. Makala haya yanamtetea fundi huyo, na mfano wake unatoka mbali kidogo na bahari, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Huko liko zimwi moja kubwa, nalo nionavyo mimi linastahili kuletwa kwenye pazia na fundi wa huko huko.

Huenda msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja akasema, Kericho yatuhusu nini? Yatuhusu kila asubuhi. Majani yanayochumwa katika vilima vile hushuka hadi Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1969. Mengine huishia katika birika zetu, yakatiwa tangawizi na iliki. Kinywaji tunakijua sana, lakini watu wa huko kinakotoka hatuwajui, wala hatuzijui hadithi wanazosimuliana jioni ukungu unapoteremka.

ZIMWI LENYE TAA KINYWANI

Wakipsigis, ambao ndio wenyeji wa Kericho na Bomet, pamoja na ndugu zao Wanandi, wanalo zimwi liitwalo Chemosit. Afisa mmoja wa Kiingereza, A. C. Hollis, aliandika habari zake katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909. Kwa maelezo hayo Chemosit ni nusu mtu, nusu ndege. Mguu anao mmoja tu, lakini makalio anayo tisa. Hutembea kwa kuegemea fimbo iliyo mfano wa mkuki. Kinywa chake ni chekundu, na usiku hung'aa kama taa. Hula watu, na hasa watoto.

Na huwanasaje hao watoto? Husimuliwa kwamba hukaa gizani akaimba. Watoto wakiona mwanga kwa mbali na kusikia wimbo, hudhani kuna ngoma inachezwa, wakaufuata. Wakifika, imekwisha habari yao.

Tafakari jambo hili kidogo. Bibi wa Kikipsigis aliyewasimulia wajukuu zake hadithi hii kando ya moto hakuwa na mtambo wa kupigia picha wala umeme. Lakini alijua kwamba mnyama mkubwa hatishi kwa ukubwa peke yake. Alijua mahali pa kuweka mwanga na mahali pa kuliacha giza. Alijua sauti itangulie na mwili uchelewe. Hayo ndiyo wanayofundishwa leo vijana katika vyuo vya filamu, tena kwa ada kubwa.

Sisi wa pwani tunayo yetu. Nani asiyeijua hadithi ya zimwi aliyemkamata msichana akamtia ndani ya ngoma? Zimwi akawa anazunguka mji hata mji, akiipiga ngoma yake, na msichana akiimba humo ndani. Watu wakastaajabu, wakamkirimu zimwi kwa vyakula vizuri, wakaisifu ngoma yenye sauti ya ajabu. Aliyekuwa akiimba hawakumjua, mpaka siku ile wazazi wake walipoitambua sauti yake. Katika senema, fundi wa mazimwi ndiye yule msichana. Kazi ni yake, na karamu huliwa na mwingine.

MZUNGU ALIPOTAFUTA DUBU

Yaliyompata Chemosit baada ya wageni kufika yanafaa kuelezwa. Katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, walowezi, maofisa na mafundi wa reli walianza kuelezana kwamba wameona mnyama wa ajabu katika nyanda za juu za magharibi, mwenye manyoya mengi na mabega yaliyoinuka. Wakamwita Dubu wa Nandi, ijapokuwa Afrika kusini ya Sahara haina dubu wa mwituni. Habari hizo zikaandikwa katika majarida yao ya elimu ya wanyama, na jina la Chemosit likachanganywa humo humo. Wengine wakadhani ni fisi mkubwa, na wengine wakadhani ni mnyama wa kale asiyejulikana.

Walimtafuta kwa bunduki, wala hawakumpata. Waama wasingeweza kumpata, kwa kuwa Chemosit wa mguu mmoja na kinywa cha taa hakuwa akiishi msituni. Alikuwa akiishi katika kinywa cha msimuliaji. Matokeo yake, mpaka leo katika vitabu vya Ulaya na Marekani vinavyohusu wanyama wa ajabu, huyo dubu ni mashuhuri, na msimuliaji hatajwi kabisa.

Kisha yakaja mambo ya picha zenyewe. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu kwa ajili ya makoloni, na mkuu wake alikuwa William Sellers, aliyekwisha kufanya kazi za afya Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufahamu hila za kamera. Basi akaagiza filamu za kuonyeshwa Waafrika ziende polepole, kila tendo lifuatane na lililotangulia, wala pasiwe na mizungu ya picha ya namna yoyote. Maofisa wale walipenda sana kurudia kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa pazia zima, nao wakasema kwamba mbu wakubwa namna hiyo kwao hawako, kwa hiyo hawana haja ya kuhofu.

Kisa hicho kilisimuliwa ili kuonyesha ujinga wa mwanakijiji. Lakini hebu tukigeuze. Mtu aliyelelewa na hadithi ya Chemosit alijua vyema tofauti ya kiumbe cha hadithi na mdudu wa nyumbani. Akionyeshwa mdudu mkubwa kama nyumba, na kuambiwa kwa uso mkavu kwamba huyu ndiye mdudu wako, ana haki ya kujibu kwamba siye. Aliyeshindwa hapo ni mpiga picha, kwa kuwa alitumia mizungu asijue kwamba ni mizungu.

VITI VIWILI VYA WAJAPANI

Wajapani wao waliifanya kazi hii kwa heshima nyingine. Mwaka 1954 kampuni ya Toho ilitoa filamu iitwayo Godzilla, habari za mnyama mkubwa anayezuka baharini baada ya kusumbuliwa na majaribio ya bomu la haidrojeni, akauteketeza mji wa Tokyo. Watu zaidi ya milioni tisa walikata tikiti Japani kwenda kuitazama. Mwongozaji wake alikuwa Ishiro Honda. Lakini pembeni yake alikuwapo bwana mwingine, Eiji Tsuburaya, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 1970.

Tsuburaya hakuwa kibarua wa kuitwa siku ya mwisho. Alikuwa na kikosi chake, kamera zake na mahali pake pa kupigia picha. Honda aliwaongoza wachezaji, naye Tsuburaya akaongoza mnyama, moto, maji na kuanguka kwa majumba. Katika filamu zilizofuata, majina yao yakawa yanaandikwa kama waongozaji wawili, kila mmoja kwa fani yake. Ndipo kazi hiyo ikawa cheo kinachorithiwa. Baada yake wakaja Sadamasa Arikawa, Teruyoshi Nakano, Koichi Kawakita na Shinji Higuchi, na mtazamaji wa Kijapani huweza kukuambia filamu hii ni ya fulani kwa kutazama tu jinsi jengo linavyobomoka.

Utendaji wake nao ni wa kustaajabisha. Tsuburaya alikuwa ameitazama filamu ya Kimarekani ya King Kong ya mwaka 1933, ambamo sokwe mkubwa alikuwa mwanasesere aliyesogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Alitamani kufanya vivyo hivyo, lakini muda na fedha havikumruhusu. Akaamua kumvika mtu vazi zito la mpira, akajenga mji mdogo wa kukanyagwa. Aliyevaa vazi hilo ni Haruo Nakajima, ambaye alikwenda bustani ya wanyama kutazama jinsi wanyama wazito wanavyonyanyua miguu. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa kilo mia hivi, hata Nakajima hakuweza kwenda nalo ila hatua chache. Kamera iliendeshwa kwa kasi kubwa ili picha ikionyeshwa kwa kasi ya kawaida mwendo uwe wa polepole, kwa kuwa kitu kikubwa kikianguka macho hukiona kama kinachelewa. Minara ya umeme ilitengenezwa kwa nta ili iyeyuke kwa joto. Hata mngurumo wa mnyama, uliobuniwa na mtunzi wa muziki Akira Ifukube, ulitolewa kwa kusugua nyuzi za fidla kubwa kwa glavu ya ngozi.

Hakuna uchawi hapo. Kuna hesabu, useremala, ushonaji na subira.

UZITO WA ZIMWI HUTOKA WAPI

Lakini ufundi wa mikono pekee hautoshi. Godzilla alikuwa mzito kwa sababu alibeba jambo zito. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu Hiroshima na Nagasaki. Honda alikuwa ameuona mji wa Hiroshima katika magofu yake aliporudi kutoka vitani. Na mwezi Machi mwaka ule ule wa 1954, wavuvi wa Kijapani walinyeshewa majivu yenye sumu ya jaribio la bomu la Wamarekani huko Bikini. Ngozi ya mnyama ilifanywa kuwa na makovu, na moto wake ukachoma mji kama ulivyochomwa kweli. Uamuzi wa makovu yale ni maana yenyewe ya filamu, na ulifanywa katika karakana ya mizungu. Ndiyo sababu nasema mwenye karakana anastahili kiti.

Sasa turudi Kericho. Lau Chemosit angeletwa kwenye pazia leo, angebeba uzito gani? Nchi ile haikosi mambo mazito. Mashamba makubwa ya chai yalianza kupandwa katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo wenyeji wanasema mpaka leo kwamba walinyang'anywa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Na katika siku zetu hizi imekuja mashine ya kuchuma majani, ambayo hufanya kazi ya mikono ya watu wengi. Mwezi Mei mwaka 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto Kericho katika ghasia za watu wenye hasira.

Sitii neno katika ugomvi huo, maana wenye mashamba wana hesabu zao na wachumaji wana watoto wa kulisha. Ninalosema ni kwamba hofu ipo, na hofu ndiyo udongo wa kufinyangia zimwi. Chemosit huja na mwanga mzuri na wimbo mtamu, kisha humla anayemfuata. Kijana wa Bomet aliyeona mambo yakija kwa sifa za maendeleo, kisha yakamwacha bila kazi, hahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo.

Basi ni nani atakayeamua kwamba mguu mmoja wa Chemosit utue vipi juu ya miti ya chai iliyokatwa sawasawa kama zulia? Ni nani atakayeamua kwamba ile taa nyekundu ionekane kwanza ndani ya ukungu, tena mbali, mtazamaji akidhani ni taa ya kiwanda? Mambo hayo hayaandikwi na mtunzi akayamaliza, wala mchezaji hawezi kuyacheza. Ni ya mwongozaji wa mizungu. Akiitwa mwisho, wakati fedha zimekwisha na wachezaji wamekwenda zao, atatoa kikaragosi cha kuchekesha watu, na lawama zote zitamwangukia yeye.

HILA NA JINA

Najua wako wasomaji watakaosema kwamba kazi hii ni kiini macho, na kiini macho ni ndugu wa sihiri. Hoja hiyo si ya kupuuza. Sote tunakijua kisa cha wachawi wa Firauni, waliofanya kamba na fimbo zao zionekane kama nyoka ziendazo mbio. Hukumu za sheria nawaachia masheikh wetu, ambao ndio wenye elimu yake. Ila liko jambo moja ambalo mtu wa kawaida anaweza kuliona. Wale wachawi walitaka watu waamini kwamba ni kweli, ili wapate ujira na kukaribishwa kwa mfalme. Fundi wa senema huandika jina lake kwenye pazia, kwamba huyu mnyama nimemtengeneza mimi, fulani bin fulani, pamoja na wenzangu hawa. Anayeandika hivyo hadanganyi. Amekuambia mapema kwamba ni mchezo.

Na hapa ndipo penye hatari yetu ya leo. Siku hizi kila simu huletewa picha zinazokwenda, za mafuriko ambayo hayakutokea na za viongozi wakisema maneno ambayo hawakuyasema. Zimetengenezwa kwa kompyuta katika muda wa kunywa kikombe cha chai, nazo hazina jina la mtu. Mzee wa watu hutazama, akahofu, akamtumia na jirani. Hizo ndizo hila za kuogopwa. Tukizoea kuwataja mafundi wa kweli katika filamu zetu, watoto wetu watajifunza kuuliza kila waonapo ajabu: nani kaifanya hii, na kwa sababu gani? Swali hilo litawalinda zaidi kuliko kuwakataza simu.

UMASIKINI SI KISINGIZIO

Wengine watasema hayo ni mambo ya matajiri. La hasha. Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana na wenzake walitoa mwaka 2010 filamu ya Who Killed Captain Alex?, ambayo yasemekana haikugharimu hata dola 200. Helikopta na milipuko ilitengenezwa kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe, na bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu na fundi wao Dauda Bisaso. Picha zile ni za kuchekesha, lakini dunia imezitazama, na jina la Bisaso linajulikana.

Hapa Kenya, mwaka 2011 Andrew Kaggia alitoa filamu fupi ya katuni, Wageuzi, iliyowafanya wanasiasa wetu kuwa mitambo mikubwa inayoshindana. Na mwaka 2018 Likarion Wainaina alituletea Supa Modo, habari za msichana mgonjwa apendaye filamu za mashujaa, na kijiji kizima kinachojibidiisha kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Aliyeitazama ameona kwamba mizungu ya senema huweza kuwa tendo la huruma.

Hata Wajapani wenyewe wametupa mfano wa karibuni. Mwezi Machi 2024, filamu ya Godzilla Minus One ilipata tuzo ya Oscar ya mizungu ya picha, ikiwa ya kwanza ya Kijapani kupata tuzo hiyo. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi 35 tu, ilhali filamu kubwa za Marekani hutumia mamia. Mwongozaji wake, Takashi Yamazaki, alishika viti vyote viwili, cha filamu na cha mizungu. Lakini tusisahau kwamba alianza kazi yake karakanani, akitengeneza vijumba vidogo vya kupigia picha. Aliinuka kwa sababu nchi yake ilikuwa imekwisha kuiheshimu karakana kwa miaka mingi.

Alhasili, wenye kutoa fedha za filamu, wenye vyuo na wenye makampuni wangefanya mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Kwanza, fundi wa mizungu akae mezani tangu siku ya kwanza hadithi inapoandikwa. Pili, jina lake liandikwe kwenye pazia kwa herufi sawa na za mwongozaji, na malipo yake yafanane na kazi yake. Tatu, anayetaka kutengeneza Chemosit aende kwanza Kericho na Bomet, akae na wazee wanaomjua, nao watajwe pia. Vijana wa huko, ambao wamezaliwa katikati ya ukungu ule na ile mvua ya mawe, wapewe nafasi ya kushika nta, mbao na kompyuta kabla hajatokea mgeni mwingine akamgeuza zimwi wao kuwa dubu kwa mara ya pili.

Nasi watazamaji tunayo sehemu yetu. Filamu ikiisha tusikimbilie mlangoni. Tukae dakika mbili, tuyasome majina yanayopita mwishoni, mpaka tumwone aliyekuwa akiimba ndani ya ngoma.